Punje ya Mbele

Bhogal ameinamisha taa ya mezani.
Bastola yangu imelala juu ya flana
kama kuku aliyekwisha kunyonyolewa.
"Ya mwaka gani?" Ya sabini na mbili, nasema,
ilinifikia themanini na sita, pamoja na leseni
na mkoba wa mishahara ya kiwanda cha pareto.
Anacheka kwa pua. "Hata ukucha wa mtoto
ni mkubwa kuliko kilengeo hiki."

Kweli. Kule mbele, mwisho wa bamba,
ipo punje ya chuma, mithili ya wimbi,
iliyosuguliwa na ngozi ya ala miaka nenda rudi
hadi ikang'aa, na kung'aa ndiko kuliko iharibu:
juani inayeyuka, kivulini haipo.
Nyuma, pengo jembamba la meno ya maziwa.
Ujanani niliupenyeza ulimwengu mzima pale.
Sasa naona punje mbili, na zote zinanikwepa.

Anavuta droo, anapanga bidhaa juu ya gazeti.
Hiki kina nukta tatu nyeupe, kama dadu.
Hiki kina uzi mwekundu unaokunywa jua;
mchana ni kaa la jiko, usiku ni jivu.
Hiki kina gesi ndani ya kijichupa,
kinawaka kijani peke yake, gizani,
miaka kumi na miwili, bila betri, bila kuombwa.
Nikaiwaza sefu yetu kule Langalanga,
giza lake la chuma,
na macho matatu ya kijani yakikesha humo
yakingoja mwenye nyumba afe.
"Hicho rudisha," nikamwambia.

Cha skrubu, kipandacho na kushuka, hakikumpendeza yeye:
kitanasa mfukoni, na mfereji wa kukipachika haupo.
"Chako kimezaliwa na bamba. Lazima nikikate,
nichonge upya. Nikishakata, mzee, hakuna kurudi."
Kisha akavua miwani, akaifuta kwa tai.
"Tena jicho ni bahili. Vitu ni vitatu:
pengo, punje, na unachokilenga.
Linakupa kimoja tu kikiwa safi.
Shika punje. Kile cha mbali kiache kiwe ukungu."

Nilinyamaza. Somo hilo nalijua.
Barabara ya Njoro, tisini na moja, mvua ya Aprili,
gogo la mkalitusi limelazwa njiani,
mkoba miguuni pangu,
dereva Kimosop akilitaja jina la mama yake.
Mtu akasimama ndani ya mwanga wa taa.
Niliiona punje. Ee, niliiona sawasawa,
kingo zake, mkwaruzo wake wa kushoto.
Yeye alikuwa moshi nyuma yake.
Hakupiga. Sikupiga. Ngano ikammeza.
Hadi leo sijui kama alikuwa na ndevu.
Huenda tumewahi kuketi benchi moja
kliniki ya macho, zamu kwa zamu,
tukizibahatisha herufi zilezile ukutani.

Asubuhi Kemunto aliniambia, bila kuacha kuchuja chai,
"Si ungebadilisha miwani kwanza?"

Nikachagua cheusi. Kipana, butu, kisicho na nukta,
na pengo la nyuma lililo wazi
mwanga upite kushoto na kulia kwake.
Bhogal akataja bei, nami nikataja yangu,
tukakutana pale anapokutana na kila mtu.

Alhamisi nikaichukua. Katika risiti aliyoikunja
alinifungia ile punje ya zamani,
nami nikaitia mfukoni, nisijue ya nini.
Nje, nikanunua hindi la kuchoma.
Kijana akazihesabu sarafu, akasita,
akainua kitu kwa ncha ya kidole.
"Hii si pesa, baba."

Niliipokea. Nikaisogeza karibu na jicho,
nikaisogeza mbali, hadi ikatulia,
kingo zake, mkwaruzo wake wa kushoto.
Nyuma yake kijana alikuwa akicheka,
nadhani.